Mkoba wa Lugusha Uliobeba Kijiji

Je, kulikuwa?

Kukawa!

Kulikuwa na nini?

Tuambie wewe uliyetutangulia!

Vizuri. Kaeni basi, kila mtu na ungo wake. Mikono imenye karanga, masikio yanisikilize mimi. Karanga ziingie kwenye ungo, maganda yaingie kwenye kikapu. Shija, sikusema ziingie mdomoni.

Haya. Ilikuwa zamani. Si zamani ya babu yenu, wala ya baba yake babu yenu. Ni zamani ile fisi alipokuwa bado anabisha hodi kabla ya kuingia zizini. Mbuzi wakimjibu kwamba mwenye nyumba hayupo, fisi anasema samahani, anaondoka. Zamani hiyo.

Zamani hiyo palikuwa na kijiji kiitwacho Ikolongo. Mashamba ya Ikolongo yalipoishia, pori lilianzia hapohapo. Ukitembea porini siku mbili, unatokea kwenye mbuga, na kwenye mbuga hiyo pofu walikula nyasi. Pofu mnamjua? Mnyama mkubwa kama ng'ombe dume, mwenye pembe zilizosokotwa. Wanaume wa Ikolongo waliwafuata huko. Siku mbili kwenda, siku mbili kuwinda na kukausha nyama, siku mbili kurudi. Siku sita. Na kwa siku hizo sita kila mwindaji alikuwa na upinde wake mkononi na mkoba wake mgongoni.

Hadithi yangu ni ya huo mkoba.

Mwindaji mmoja aliitwa Lugusha. Alikuwa na miguu, alikuwa na macho, alikuwa na mdomo. Mdomo ndio uliofanya kazi zaidi. Alikwenda porini mara ya kwanza, akarudi mkoba mtupu. Alikwenda mara ya pili, akarudi mkoba mtupu. Na sheria ya Ikolongo ilikuwa moja: mkoba ukirudi bila nyama mara tatu, mwenye mkoba anatundika upinde wake darini. Msimu wote anakaa juu ya dungu, kile kijukwaa cha katikati ya mtama, anafukuza ndege pamoja na watoto. Anapiga debe na kuimba, "Kwelea kwelea, nenda kwa jirani!"

Mnacheka? Lugusha hakucheka. Kila asubuhi alipita chini ya dungu, na kila asubuhi watoto walisogea kidogo wamwachie nafasi.

Basi ilipokaribia safari ya tatu, Lugusha akamwambia mkewe, Kalunde, "Nimegundua kosa langu. Kosa ni mkoba."

"Mkoba umefanya nini?" akauliza Kalunde.

"Ni mdogo. Pofu akiuona anajua sikuja kwa dhati. Nataka mkoba mkubwa, unaoingia pofu mzima."

Sasa sikilizeni hapa. Kijijini pale mshona mikoba alikuwa mmoja tu, na huyo mmoja alikuwa Bi Nyanzala, mama yake Kalunde. Mkwe wake Lugusha! Na zamani hizo mwanamume hakuzungumza na mama mkwe wake. Hakumtazama usoni, hakumsogelea, hakumpa kitu mkono kwa mkono. Mkikutana njiani, wewe unaingia kichakani. Ukiwa na neno la kumwambia, unampa mtu alipeleke.

Kwa hiyo Lugusha alisimama uani kwa mkwe wake akiutazama ukuta. Bi Nyanzala alikaa mlangoni akiitazama sindano yake. Kati yao palikuwa na hatua tano. Na katikati ya hatua hizo tano alisimama Kalunde.

"Mwambie mama nataka mkoba," akasema Lugusha.

"Mama, anataka mkoba."

"Nimesikia," akasema Bi Nyanzala. "Mwulize atalala porini mara ngapi."

"Anauliza utalala porini mara ngapi."

"Nimesikia. Mara tano."

"Mama, mara tano."

"Mwulize atabeba nini."

"Unga, kibuyu cha maji, kisu, ngozi ya kulalia. Na pofu."

Kalunde akamgeukia mama yake. "Unga, kibuyu, kisu, ngozi. Hilo la mwisho sikulisikia vizuri."

"Mwambie pofu!"

"Mama, anasema pofu."

Bi Nyanzala alichomoa kamba kwenye kikapu chake, akamtupia binti yake. "Mpime mgongo. Kutoka mfupa wa shingo mpaka kwenye nyonga."

Kalunde akampima. Shubiri mbili na vidole vinne. Akafunga fundo, akamrudishia mama yake kamba. Bi Nyanzala akaitazama kamba, akaingia ndani, akatoka na mkoba wa ngozi ya mbuzi. Ulikuwa na mikanda miwili ya mabegani, na mkanda wa tatu wa kufunga kiunoni.

"Mwambie huu unamtosha. Mkoba ukizidi nyonga unampiga miguu. Ukizidi mabega unamvuta nyuma. Uzito wote ukae kiunoni, mabega yapumzike. Vitu vyake vinaingia, na mkoba unajaa. Huko kujaa ndiko asikokusahau."

"Anasema huu unakutosha."

Lugusha akautazama ule mkoba kwa jicho la pembeni. "Mwambie mama, huu ni wa kwendea kwa jirani."

"Mama, anasema ni mzuri ila angependa mwingine."

"Nimesikia alivyosema," akasema Bi Nyanzala. "Masikio ninayo mawili na yote yamefika leo. Mwambie ule mkubwa upo, wa ngozi mbili za pundamilia. Niliushona niwekee mtama. Je, anataka ghala?"

"Anauliza kama unataka ghala."

"Mwambie ndiyo!"

Limi, shanta lako la shule linakufika wapi? Kiunoni? Vizuri. La Shija linamfika magotini, ndiyo maana anatembea kama bata. Basi mkoba wa Lugusha ulianzia juu ya kichwa chake na kuishia nyuma ya magoti. Alipouvaa na kugeuka, kuku watatu waliangushwa. Alipita nao kijiji kizima, hauna kitu ndani, akisalimia watu ambao kwa kawaida hawasalimii.

Lakini kuna jambo alilolisahau. Jambo ambalo mtu wa Ikolongo hakupaswa kulisahau.

Kabla ya kila safari ya kuwinda, palikuwa na Siku ya Mdomo Wazi. Kuanzia alfajiri hadi jua la utosini, mikoba ya wawindaji ilipangwa uwanjani, midomo wazi. Na mtu yeyote wa kijiji alikuwa na ruhusa ya kuweka kitu chake ndani ya mkoba wowote, ili kikalale porini na kurudi. Waliamini kwamba kitu kilicholala porini kinarudi na nguvu. Sindano iliyolala porini haivunjiki. Mbegu iliyolala porini haikosi kuota. Mwindaji hakuruhusiwa kukataa. Hakuruhusiwa kukitoa na kukiacha nyumbani, wala kukitupa njiani. Akikipoteza cha mtu, analipa kwa upinde wake. Mkoba ukijaa, umejaa, hakuna wa kuongeza. Na jua likifika utosini, midomo inafungwa.

Sasa mnaelewa kwa nini Mzee Kapembe, kiongozi wa wawindaji, alikuwa na mkoba mdogo kiasi cha kuku aliyelala? Aliuingiza unga wake, kibuyu chake, kisu chake na ngozi yake, akaubonyeza kwa goti mpaka ukakaza. Siku ya Mdomo Wazi watu walikuja, wakachungulia, wakasema "Mzee, umejaa." Naye akajibu kwa masikitiko, "Umejaa, wanangu. Labda sindano." Wawindaji wote wa Ikolongo walifanya hivyo. Miaka kumi kijiji kilikuwa kinalaza sindano.

Kalunde alimkumbusha mumewe. "Kesho ni Mdomo Wazi. Jaza mkoba majani makavu, ukifika porini uyatoe."

"Mwindaji habebi majani kuyapeleka porini," akasema Lugusha. "Majani yako hukohuko."

Basi alfajiri mkoba ule ulisimama uwanjani na vitu vyake vinne chini kabisa, kama mbaazi nne ndani ya mtungi.

Wa kwanza kufika alikuwa nani? Bi Nyanzala! Alikuja na chungu kichwani. Chungu kikubwa, kifuniko chake kimefungwa kwa ukanda wa ngozi mara tatu. Lugusha aligeuza uso haraka, heshima ya mkwe. Akasikia kishindo. Alipogeuka tena, mkwe ameshaondoka, na nusu ya mkoba ni chungu.

Lugusha akashika kiuno. "Mkwe wangu! Mkwe wangu mwenyewe ndiye wa kwanza!"

Na watu waliona. Jirani mmoja akasema, "Ikiwa mama mkwe ameweka chungu, jiwe langu la kusagia lina kosa gani?" Akaweka jiwe la kusagia, lile la juu, la kushika mikononi. Mwingine akaweka jembe. Mwingine akaona jembe litakuwa na upweke, akaweka la pili. Bibi mmoja akaleta kigoda, akisema kigoda kilicholala porini, mgeni akikikalia hachelewi kuaga. Mcheza ngoma akaleta njuga zake, jozi nne. Walipomaliza walisaidiana kuukandamiza mkoba, wawili wakaupanda juu. Jua lilipofika utosini mdomo ulifungwa, na kijiji kizima kilikuwa humo isipokuwa mbwa.

Mihambo, mwindaji mwenzake ambaye hakuwahi kukosa neno, akauzunguka mkoba mara mbili. "Lugusha, ndugu yangu. Unahama?"

Kesho yake wakaondoka, watu saba. Sita walitembea. Mmoja aliyumba.

Kila Lugusha alipoinua mguu wa kulia, jembe liligonga jiwe: *kwang!* Alipoinua wa kushoto, jembe la pili lilijibu: *kwang!* Na katikati njuga: *cheke-cheke*. Haya, semeni na mimi. *Kwang, cheke-cheke, kwang.* Shija, usipige ungo. Kwa mdomo tu.

*Kwang, cheke-cheke, kwang.* Ndege wakahama. *Kwang, cheke-cheke, kwang.* Nyani wakaja kutazama, wakaitana.

Na chakula chake kilikuwa wapi? Chini kabisa! Wenzake walipopumzika kula, Lugusha alitoa njuga, akatoa kigoda, akatoa jembe, akatoa jembe, akatoa jiwe, akatoa chungu cha mkwe, akafikia unga. Alipomaliza kurudisha vyote, wenzake wameshakula na kusimama.

"Umeshiba?" akauliza Mihambo.

"Mihambo, niache."

"Nauliza tu. Maana naona umepanga meza."

Na ubaya wake ni huu: kadiri unga ulivyopungua chini, vitu vya juu vililegea. Kadiri vilivyolegea, ndivyo vilivyogongana. Siku ya pili kelele zilikuwa mara mbili ya siku ya kwanza.

Njia nzima Lugusha alimsema mkwe wake. Alipopanda kilima alimsema. Aliposhuka alimsema. "Yeye ndiye aliyefungua mlango. Angebaki nyumbani kwake, nani angethubutu kuweka jiwe? Na chungu chenyewe ndicho kikubwa kuliko vyote!"

Mzee Kapembe alitembea mbele yake bila kugeuka. "Ni kizito?"

"Nini, Mzee?"

"Chungu."

Lugusha akafikiri. "Si kizito sana. Jiwe ndilo zito."

"Kinalia?"

"Hakilii."

"Mh," akasema Mzee Kapembe, akaendelea kutembea.

Siku ya tatu walifika mbugani. Pofu walikuwa chini ya kilima, kundi zima. Mzee Kapembe akawakusanya watu wake, akawapanga nyuma ya miti. Kisha akamtazama Lugusha.

"Wewe nenda nyuma ya kilima, mbali. Ukae hukohuko mpaka tukuite."

"Mzee, na pofu wangu?"

"Pofu wako amekusikia tangu juzi. Nenda."

Lugusha akaondoka. Mkoba hakuweza kuuacha, kwa sababu vitu vya watu vikichukuliwa na fisi, analipa kwa upinde wake. Akazunguka kilima. *Kwang, cheke-cheke, kwang.* Alikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira anakanyaga kwa nguvu. *Kwang! Cheke-cheke! Kwang!* Akateleza kwenye changarawe, akakaa kitako, mkoba ukamchomoka mabegani, ukashuka kilima peke yake.

Mmewahi kusikia mkoba unaoshuka kilima na majembe mawili, jiwe na njuga jozi nne? Pofu nao hawakuwahi. Waliinua vichwa mara moja. Walikimbia mbali na ile kelele, na mbali na ile kelele ndipo walipojificha Mzee Kapembe na watu wake. Pofu walipita katikati yao karibu kiasi cha kumwagiana jasho. Wawili wakaanguka.

Lugusha alipotokea, amejaa vumbi, amekumbatia mkoba wake, alikuta wenzake wanachuna ngozi.

"Nani kawakimbiza hawa?" akauliza Mzee Kapembe.

Wote walimtazama Lugusha.

"Sheria inajulikana. Aliyewakimbiza anapata paja zima na ukanda wa mgongo. Mkatieni Lugusha fungu lake."

"Mzee, ameanguka tu!" akasema Mihambo.

"Basi na wewe jifunze kuanguka."

Paja zima na ukanda wa mgongo! Lugusha aliimba. Aliikata nyama vipande virefu, akaikausha juu ya moto siku nzima ya nne, na aliimba siku nzima. Hatakaa juu ya dungu. Watoto watasogea warudi mahali pao. Alipomaliza kukausha, akaufungua mkoba ili aitie nyama.

Wimbo ukakatika.

Mkoba umejaa. Una majembe, una jiwe, una kigoda, una njuga, una chungu cha mkwe. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya ngumi mbili, na nyama yake ilikuwa rundo la kufika gotini. Mtu huyu alitafuta mkoba mkubwa kuliko yote ili aweke nyama, na sasa mikoba yote ya wenzake ilikuwa na nafasi ya nyama isipokuwa wa kwake. Wao walikula unga wao, mikoba ikapwaya kiasi cha fungu la kila mmoja.

"Mihambo, ndugu yangu, nibebee kidogo."

"Ningependa sana," akasema Mihambo. "Ila mkoba wangu ni wa kwendea kwa jirani."

Na sheria ilisema mkoba, watoto. Haikusema mkono, haikusema kichwa. Nyama iwe ndani ya mkoba wakati wa kufunguliwa mbele ya wazee. Lugusha akaona kwanza aifikishe, mengine atajua mbele. Akaivaa. Alijizungusha nyama shingoni, akajifunga nyama kiunoni, akaning'iniza nyama mabegani mpaka akafanana na mcheza ngoma wa msimu wa mavuno. Siku ya tano wakaanza kurudi.

Mwewe wa kwanza alikuja kabla jua halijapanda. Alishuka, akachukua kipande cha begani, akaenda. Wa pili akachukua cha shingoni. Mwewe wa tatu hakuwa na haraka: alitua juu ya mkoba, akachagua.

"Mfukuzeni!" akapiga kelele Lugusha. "Kwelea kwelea, nenda kwa jirani!"

Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini. Mihambo alisema, "Umeshaanza kazi ya dungu, na hatujafika nyumbani!"

Lugusha hakucheka. Aliutua mkoba chini ya mti. Aliihesabu nyama, imepungua robo. Zimebaki siku moja na nusu na mwewe hawajaisha. Akavitoa vitu vya mkobani kimoja kimoja, akavipanga majanini, akavitazama. Jembe, haliwezi kubeba. Jiwe, haliwezi. Kigoda, hakiwezi. Akafika kwenye chungu.

Mzee Kapembe alikuwa amekaa karibu, akitoa mwiba mguuni. Akauliza bila kuinua uso, "Kitu kikubwa, kisicho kizito, kisicholia, kina nini ndani?"

"Mzee, ni chungu cha mkwe! Siwezi kufungua kilichofungwa na mkwe."

"Mimi sikusema ufungue. Nimeuliza kina nini."

Lugusha alikizunguka chungu. Akakaa. Akasimama. Akageuza uso pembeni, heshima ya mkwe, na akiwa ameugeuza uso hivyo akafungua ukanda kwa vidole. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Akafunua kifuniko. Akapeleka mkono ndani akiwa bado anatazama kando, kama mtu anayetafuta yai chini ya kuku mkali.

Chungu kilikuwa kitupu.

Hapana. Chini kabisa palikuwa na kitu kimoja, kimefungwa kwa jani. Akakitoa, akakifungua. Chumvi. Chumvi ya kuhifadhia nyama, ya kiasi cha paja moja.

Lugusha akakaa chini na lile jani mkononi. Alikumbuka kila alichokisema kilimani na kila alichokisema bondeni. Kabla kijiji hakijaamka, kuna mtu aliyekuja uwanjani akachukua nusu ya mkoba ule kwa kitu kitupu, ili mwingine asiichukue kwa jiwe.

"Mzee," akasema, "ulijua?"

"Nimeoa pia," akasema Mzee Kapembe.

Nyama yote iliingia. Ilipakwa chumvi, ikashindiliwa, kifuniko kikafungwa mara tatu kama kilivyokuwa.

Siku ya sita, mchana, walifika Ikolongo. Wazee wamekaa, kijiji kimezunguka uwanja, watoto wa dungu wamekuja kumpokea mwenzao. Mkoba wa Mzee Kapembe ukafunguliwa: nyama. Mkoba wa Mihambo: nyama. Yote sita: nyama. Ukaja wa Lugusha.

Jembe, mwenyewe akalichukua akilibusu. Jembe. Kigoda. Njuga. Jiwe. Kila mmoja alikwenda zake akishukuru. Mwisho chungu.

"Mkoba umekwisha," akasema Mihambo. "Kilichobaki ni chungu cha mkwe."

Mzee Kapembe akakifungua. Harufu ikatoka. Watu wa mbele waliwasukuma wa nyuma, na mbwa waliwasukuma wa mbele.

"Haihesabiwi!" akasema Mihambo. "Sheria inasema nyama iwe ndani ya mkoba. Hii iko ndani ya chungu."

"Na chungu kilikuwa wapi?" akauliza Mzee Kapembe.

"Ndani ya mkoba."

"Basi nyama ilikuwa wapi?"

Mihambo alifungua mdomo. Akaufunga. Kijiji kilimsubiri, kwa maana hakijawahi kumwona hivyo.

Upinde wa Lugusha haukutundikwa darini. Lakini msifurahi bado. Kulikuwa na kifungu kingine cha desturi: kitu kilicholala porini kinarudi kwa mwenyewe pamoja na chochote kilichomo. Bi Nyanzala akasogea, Lugusha akageuza uso. Akakitia chungu kichwani, na nyama yote ndani yake, akasema kwa sauti, "Kalunde, mwambie mumeo nashukuru. Amenikumbuka mno."

"Mama anashukuru."

"Nimesikia," akasema Lugusha.

Jioni hiyo alikuwa amekaa mlangoni kwake, anakula ugali na mlenda, Kalunde akarudi kutoka kwa mama yake. Ameshika ule mkoba wa ngozi ya mbuzi. Umejaa. Nyama imeshindiliwa mpaka mdomoni, hapakuwa na mahali pa kupitisha sindano.

"Mama anasema mkoba ukijaa, umejaa. Anasema huu ni wa kwendea kwa jirani, kwa hiyo unaruhusiwa kumpelekea jirani kidogo."

Lugusha akauvaa. Uzito ukakaa kiunoni, mabega yakapumzika. Shubiri mbili na vidole vinne. Alizunguka nao uani, na hakuna kuku aliyeanguka.

"Mwambie mama," akaanza. Akatafuta maneno. Mtu huyu, mara ya kwanza tangu kuzaliwa, mdomo ulimkosa. "Mwambie nimesikia."

Na ule mkubwa? Hilo ndilo nililokuwa nalisubiri.

Mihambo alikuja asubuhi ya tatu. Aliona kijiji kizima kinamshukuru Lugusha, huyu jembe lake halivunjiki, yule mgeni wake hachelewi kuaga. Akasimama, akajikuna sikio. "Ndugu yangu. Ule mkoba wako wa pundamilia. Kwa kuwa huutumii."

Lugusha hakucheka. Nawaapieni, hata mdomo haukutikisika. "Uchukue, ndugu yangu. Uchukue bure."

Safari iliyofuata, Siku ya Mdomo Wazi, mkoba ulisimama uwanjani alfajiri, vitu vinne chini. Na wa kwanza kufika alikuwa nani?

Bi Nyanzala!

Lakini Mihambo hakuwa mkwe wake. Kwa hiyo hakuja na chungu. Alikuja na vijana wawili wenye misuli, wamebeba jiwe la kusagia. Si lile la juu, la kushika mikononi. Lile la chini.

Basi wajukuu zangu, mkichagua mkoba, msiulize kwanza unaingiza kiasi gani. Ulizeni mnabeba nini, siku ngapi, na mgongo wa nani. Mkiacha nafasi wazi kwa majivuno, wenzenu wataijaza, na hawatawauliza. Na mtu akikuwekea kitu kikubwa kumbe ndani ni kitupu, usimtukane njia nzima. Fungua kwanza.

Shija, simama. Nimesema simama. Mbona kaptula yako ina mifuko mikubwa hivyo, na mbona inalia *cheke-cheke*? Ndiyo. Zirudishe kwenye ungo. Na ule wa nyuma.

Mimi niliikuta hadithi imejaa, nami naiacha imejaa. Anayetaka kuongeza alete ya kwake.

Je, kulikuwa?

Kukawa!

Kumekwisha?

Kumekwisha, tumebeba!